Mmoja ni wa kwetu

Kila timu yetu ya taifa inapocheza nyumbani, redio za Lubumbashi hutaja jina moja mara nyingi kuliko jina la mchezaji yeyote: Stade des Martyrs. Uwanja wa Mashahidi. Unapokea watu 80,000. Ulifunguliwa zamani za Mobutu ukiitwa Kamanyola, na mwaka 1997, Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa, ukapewa jina hili la sasa. Nilikuwa na miaka 9 au 10 nilipomuuliza papa mashahidi hao walikuwa wa dini gani. Akapunguza sauti ya redio, jambo ambalo hakulifanya kwa urahisi mpira ukichezwa, akasema: "Si wa dini. Ni watu 4 ambao Mobutu aliwanyonga wiki ya Pentekoste. Mmoja ni wa kwetu. Alikuwa mwandishi wa gazeti."

Huyo mmoja alikuwa pia waziri wa mambo ya nje na waziri mkuu. Papa hakuvitaja vyeo hivyo. Alitaja gazeti.

Miaka imepita, na sasa niko mwaka wa 3 katika kitivo chetu. Profesa wa uchambuzi wa maneno ya siasa alipotuagiza kila mtu achague mwanasiasa mmoja aliyeishi kwa maneno, nusu ya darasa ilichagua Lumumba na hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960. Wengine wakachagua Mobutu. Mimi nikaandika kwenye karatasi: Évariste Kimba. Profesa akanitazama juu ya miwani. "Huyo hana hotuba inayokumbukwa," akasema. "Utachambua nini?"

Ni swali zuri, nami nimelibeba muhula mzima. Ni kweli kwamba hakuna Mkongomani anayeweza kukariri sentensi moja ya Kimba. Lakini kuna neno moja dogo ambalo papa alilitumia bila kufikiri, nalo ndilo lililonivuta: "kwetu". Wa kwetu wapi? Lubumbashi? Katanga? Kwa Baluba wa Katanga, kabila la papa? Au Kongo nzima? Tulijifunza mwaka wa kwanza kwamba "kwetu" halina maana mpaka umjue anayesema na mahali aliposimama. Maisha ya Kimba, nikiyatazama kwa macho ya mwanafunzi wa lugha, ni maisha ya mtu aliyejaribu kulichorea neno hilo mipaka, kwanza akiwa gazetini, kisha akiwa serikalini.

Alizaliwa tarehe 16 Julai 1926 upande wa Bukama, kwenye mto Lualaba. Yeyote aliyesoma historia ya jimbo letu anajua Bukama ni nini: ni reli. Njia ya treni kutoka Élisabethville ilifika pale mwaka 1918, na mwaka 1928, Kimba akiwa bado mtoto mchanga, ikakamilika hadi Port-Francqui, ambayo leo tunaiita Ilebo. Reli hiyo ilibeba shaba kwenda nje. Ilibeba pia watu. Kutoka Kasai walikuja vijana kwa maelfu kufanya kazi migodini, relini, katika ofisi za Wazungu, na wengi walikuwa wamepita shule za misheni, basi wakapata kalamu mahali ambapo wengine walipata sururu. Baba na mama wa mama yangu ni zao la reli hiyo. Walitoka Mwene-Ditu. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu siwezi kujifanya mtazamaji wa mbali katika habari hii: upande wa papa natoka kwa watu wa Kimba, upande wa mama natoka kwa watu ambao chama cha Kimba kiliwaita wageni.

Baada ya shule aliingia katika gazeti la L'Essor du Congo, na hatimaye akawa mhariri mkuu wake. Lilikuwa gazeti la Élisabethville, la Kifaransa, gazeti la Wazungu wa jimbo, watu wa mgodi na biashara. "Essor" ni kule kuruka kwa ndege anapoliacha tawi. Nafikiri jina hilo lilimfaa Mbelgiji aliyekwisha kuwa hewani kuliko Mkongomani aliyekaa meza ya pembeni akisahihisha nukta na koma. Hata hivyo tusiidharau meza hiyo. Katika miaka ya 1950, kwa Mwafrika aliyesoma, kulikuwa na milango michache sana ya kusema mbele ya watu. Vyama vya siasa havikuwepo. Bunge halikuwepo. Kulikuwa na mimbari ya padri, na kulikuwa na gazeti. Ndiyo maana orodha ya watu waliopitia magazeti kabla ya kuingia siasa ni ndefu kiasi hiki. Lumumba, akiwa karani wa posta Stanleyville, aliandika makala katika La Voix du Congolais. Antoine-Roger Bolamba, mhariri wa jarida hilo, mshairi wa Esanzo ambao tunausoma katika somo la fasihi, alikuja kuwa katibu wa serikali katika baraza la Lumumba. Joseph Iléo na wenzake walitoa ilani yao ya mwaka 1956 katika Conscience africaine. Na kulikuwa na kijana mmoja wa Lisala, nitamrudia baadaye.

Kwa hiyo sipendi ule usemi wa kawaida kwamba fulani "aliacha uandishi wa habari akaingia siasa", kana kwamba alitoka chumba kisafi akaingia chumba kichafu. Katika Kongo ya wakoloni chumba kilikuwa kimoja. Mhariri alikuwa tayari anafanya kazi ya kwanza ya mwanasiasa, yaani kuamua watu waitwe kwa jina gani.

Neno la Élisabethville ya miaka ile lilikuwa "originaire". Mwishoni mwa mwaka 1957 mji ulipiga kura kuchagua viongozi wa mitaa ya Waafrika, na walioshinda walikuwa watu waliotoka nje ya jimbo, Wakasai wakiwa wengi. Katanga ikashtuka. Mwaka uliofuata, 1958, kikaundwa chama cha Conakat, na Kimba alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, pamoja na Godefroid Munongo na Moïse Tshombe. Chama kilitetea wale kiliowaita "Katangais authentiques". Wakatanga halisi.

Tukae kidogo na maneno haya mawili, maana ndiyo kazi yetu. "Originaire" ni neno la ofisi. Lina harufu ya fomu na mhuri: ulizaliwa wapi, baba yako alizaliwa wapi. "Authentique" ni neno la sonara. Ukisema dhahabu hii ni halisi, umekwisha kusema kwamba iko nyingine ya bandia. Hakuna haja ya kumtukana mtu yeyote. Kivumishi kinafanya kazi hiyo peke yake. Mtu aliyezoea kuandika vichwa vya habari analijua jambo hili kuliko mwanasheria au mwalimu. Sijui neno gani la Kiswahili lingebeba uzito huo wote. "Mwenyeji" liko karibu, lakini "mwenyeji" lina upande mwingine mzuri sana ambao Kifaransa hakina: mwenyeji ni yule anayempokea mgeni. Bila mgeni hakuna mwenyeji. Katika siasa ya jimbo letu upande huo wa neno ulikatwa ukatupwa.

Si haki kumbebesha Kimba peke yake neno hilo. Wakubwa zake katika chama walikuwa na sauti kubwa zaidi, na Wazungu wa Katanga walikuwa na sababu zao za kulipenda. Lakini tazama lilivyomrudia yeye mwenyewe. Mwanzoni Baluba wa Katanga, chini ya Jason Sendwe, walikuwa pamoja na Conakat. Mwaka 1959 wakajitoa. Kimba, Mluba, akabaki. Mwaka 1960 Katanga ilipojitenga, vita vya kaskazini vilikuwa hasa vita kati ya serikali ya Tshombe na Baluba wa Balubakat. Vijiji vya watu wake vilichomwa kwa jina la serikali aliyokuwa waziri wake. Je, alikuwa halisi kwa nani siku hizo? Papa hulijibu swali hili kwa kuondoka na kwenda kutazama kama maji yamefika bombani.

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni nchi. Kimba akawa waziri wa mambo ya nje. Hapa ndipo mimi namwona mhariri waziwazi zaidi. Katanga ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, ilikuwa na noti zake na stempu zake, ilikuwa na jeshi na askari wa kukodiwa kutoka Ulaya na Afrika Kusini, na nyuma yake kampuni ya Union Minière iliyolipa kodi kwa Élisabethville badala ya Léopoldville. Haikuwa na kitu kimoja tu: hakuna dola hata moja duniani iliyoitambua. Hata Ubelgiji haikuitambua. Fikiria kazi ya waziri wa mambo ya nje ambaye nje hakuna anayekubali kwamba yuko. Hana ubalozi, hana balozi wa kumpokea ofisini kwake kwa heshima zote. Kilichobaki ni maneno. Kule New York mlango wao haukuwa ubalozi bali ofisi ya habari, iliyoongozwa na Mbelgiji Michel Struelens, ikichapisha vijitabu na kuwatembelea waandishi wa Marekani na wabunge wao. Kwa miaka 2 na nusu Katanga iliishi kama gazeti linavyoishi: maadamu leo limetoka, lipo.

Na gazeti hilo lilichapa uongo mmoja ambao hatujapona nao. Lumumba, Mpolo na Okito waliletwa Élisabethville tarehe 17 Januari 1961, wakauawa usiku uleule. Serikali ikanyamaza karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Februari ikatangaza kwamba wafungwa wametoroka. Tarehe 13 Munongo, waziri wa mambo ya ndani, akawaambia waandishi wa habari kwamba wameuawa na wanakijiji. Kijiji gani? Hakukitaja, akisema hataki wakazi wake walipiziwe kisasi.

Nilimsomea tangazo hilo mwenzangu wa redio, kijana asiyesoma chuo, ambaye kazi yake ni kukusanya habari za ajali na moto mtaani. Akasema mara moja: "Hiyo habari haipiti. Haina mahali." Neno kwa neno. Jambo la kwanza ambalo mkuu wetu wa habari hutufundisha ni nani, nini, wapi, lini. Serikali iliyokuwa na mhariri mkuu wa zamani ndani yake iliipa dunia habari isiyokuwa na "wapi". Sisemi kwamba Kimba aliiandika. Ilitoka kinywani mwa Munongo. Nasema tu kwamba katika baraza lile alikuwepo mtu mmoja ambaye kwa ufundi wake, achilia mbali dhamiri, lazima aliona shimo lile, na baraza halikusema kitu. Katika muhula huu mzima hakuna jambo lililonipa usingizi mbaya kama hili.

Januari 1963 Umoja wa Mataifa ulimaliza kujitenga kwa Katanga. Tshombe akaenda uhamishoni, akarudi mwaka 1964 kuwa waziri mkuu wa Kongo yote (siasa yetu ilikuwa na michezo kama hii tangu zamani). Kisha yakaja yale ya mwaka 1965. Tarehe 13 Oktoba Rais Kasa-Vubu alimfukuza Tshombe, na kumpa Kimba kazi ya kuunda serikali. Mtu wa Katanga dhidi ya mtu wa Katanga. Hesabu ilikuwa wazi. Tarehe 14 Novemba bunge likaikataa serikali ya Kimba. Kasa-Vubu akamteua tena mtu yuleyule. Nchi ikasimama, kama gari lililokwama kwenye tope la njia ya Kasenga, abiria wote wakipiga kelele na hakuna anayeshuka kusukuma. Na usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Novemba dereva mwingine akachukua usukani.

Dereva huyo ndiye kijana wa Lisala niliyemtaja. Wengi wetu tunamjua Mobutu kama askari, au kama chui wa kwenye kofia. Wachache hukumbuka kwamba aliingia katika siasa kupitia gazeti, sawasawa na Kimba. Alizaliwa mwaka 1930. Mke wa hakimu Mbelgiji, ambaye baba yake Mobutu alikuwa mpishi wake, alimfundisha Kifaransa akiwa mtoto. Shuleni kwa mapadri alijulikana kwa tabia moja inayopaswa kumfurahisha kila mhadhiri wa kitivo hiki: mapadri wale lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiflamandi, na padri akikosea Kifaransa, Mobutu alisimama darasani akamsahihisha. Alihariri gazeti la darasa. Alipelekwa jeshini kama adhabu, na huko, akiwa bado askari, akaandika makala katika Actualités africaines kwa jina la kujificha. Mwaka 1956 aliacha jeshi akawa mwandishi wa L'Avenir mjini Léopoldville. Mwaka 1958 alikwenda Brussels kwa ajili ya maonyesho ya dunia, akabaki kujifunza zaidi uandishi.

Basi mwaka 1965 hatukuona askari akimpindua mwanasiasa. Tuliona mwandishi mmoja akimwondoa mwandishi mwingine. Tofauti ni kwamba mmoja wao alikuwa na jeshi, na kwamba alijifunza kutoka gazetini somo kubwa zaidi.

Mwisho wa Mei 1966 Kimba na wenzake watatu, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, walikamatwa kwa kushtakiwa kwamba wamefanya njama ya kumpindua Mobutu. Mahakama ya kijeshi ilimaliza kesi yao kwa siku moja. Tarehe 2 Juni wakanyongwa hadharani mjini Léopoldville, mbele ya umati wa maelfu na maelfu ya watu walioitwa kutazama. Kimba alikuwa na miaka 39. Baadaye Mobutu alieleza kwamba ilibidi kutoa mfano, na kivumishi alichochagua kilikuwa "spectaculaire". Si "mkali", si "wa haki". Wa kuonekana. Mtu aliyewahi kupanga ukurasa wa kwanza ndiye huchagua kivumishi hicho. Aliutaka mnyongo kama mhariri anavyoitaka picha kubwa: hakuna atakayehitaji kusoma maelezo chini yake.

Kilichofuata ni uhariri wa nchi nzima. Mwaka uleule wa 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa na Élisabethville ikawa Lubumbashi, kwa hiyo Kimba alikufa bila kuuishi mji wake kwa jina tunalolitumia sisi. Mwaka 1971 Kongo ikawa Zaïre, na jimbo letu likawa Shaba. Sisi Waswahili tunapaswa kucheka kidogo hapa: jimbo lililodai kuwa nchi lilipewa jina la bidhaa yake, tena kwa lugha yetu. Ikaja "authenticité": majina ya Kikristo yakapigwa marufuku, suti na tai zikapigwa marufuku, "bwana" akawa "citoyen". Magazeti nayo yakavaa majina mapya. Lubumbashi ikawa na Mjumbe, Bukavu ikawa na Jua. Mwaka 1975 vyombo vya habari vikakatazwa kumtaja kiongozi yeyote kwa jina lake isipokuwa Mobutu. Wengine wote walitajwa kwa cheo tu. Na taarifa ya habari ya jioni ikaanza kwa uso wake ukishuka kutoka mawinguni.

Umeliona neno? "Authentique". Lilelile la Conakat. Mobutu alimnyonga mmoja wa waanzilishi wa Conakat, kisha miaka michache baadaye akalichukua neno lao, akalipanua kutoka jimbo hadi nchi. Kwa Conakat asiye halisi alikuwa Mkasai. Kwa Mobutu asiye halisi alikuwa kila mwenye jina la Joseph au Marie. Wanahistoria watanisahihisha kwamba asili za sera hizo mbili ni tofauti, nami nakubali. Lakini mimi nafuata neno, na neno halikubadilisha kazi yake: lilibaki kuwa mlango wenye bawabu.

Bawabu huyo aliamka tena jimboni kwetu mwaka 1992. Mama alikuwa na miaka 14, anaishi Likasi na wazazi wake, amezaliwa huko, hajaiona Kasai hata siku moja. Mikutanoni watu wa asili ya Kasai wakaanza kuitwa "bilulu". Wadudu. Kwa wasomaji wa Kinshasa: ni ngeli ya vitu, ki-/bi-, katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Mama anasema kilichomwogopesha kwanza hakikuwa mapanga. Ni siku rafiki yake wa darasani alipokosea kumwita kwa ngeli ya watu na wenzake wakamsahihisha. Sarufi ilikuwa imekwisha kubadilika kabla nyumba hazijachomwa. Walilala kwenye kituo cha treni cha Likasi wiki kadhaa pamoja na maelfu ya wengine, kisha wakapanda mabehewa kwenda Mwene-Ditu, kwenye reli ileile iliyopita Bukama, iliyomleta babu yake. Nkambo mwanamke aliugua njiani, akazikwa mahali ambapo treni ilisimama kwa sababu tu ilikuwa imesimama. Mama alirudi Lubumbashi miaka baadaye, akaolewa na Mluba wa Katanga. Sijawahi kumsikia akitumia neno "kwetu" kwa mahali popote. Husema "kule nyumbani kwa papa yako" au "hapa".

Nimeandika yote haya kwa sababu jambo hili si la historia tu. Kila Jumamosi na Jumapili nafanya kazi katika redio moja ya mtaani. Mshahara haupo. Kuna "coupage", ile bahasha ambayo kila mwandishi wa habari nchini anaijua, anayoipata mwisho wa mkutano kwa jina la nauli, ili habari "ipite". Wengi wa waliotoka kitivo hiki wamepita hapo, kisha wakawa wasemaji wa magavana, wa wabunge, wa mawaziri. Siwalaumu, Kifaransa kizuri na Kiswahili kizuri ndicho kitu pekee tulichonacho cha kuuza, na wanunuzi ni walewale. Mwezi wa 3 mheshimiwa mmoja alinitumia mtu. Anatafuta kijana wa mawasiliano. Malipo aliyoyataja yangelipa masomo ya dada zangu wawili na kodi ya nyumba. Kama jaribio, niandike tangazo kwa lugha mbili kuhusu ajira migodini.

Nikaandika kwamba kampuni ziwape nafasi ya kwanza vijana wanaoishi katika jimbo. Nadhani ni dai la haki. Vumbi la migodi wanalipumua wao. Karatasi ikarudi na marekebisho mawili ya kalamu nyekundu. "Wanaoishi katika" ilikuwa imekatwa, na juu yake imeandikwa "wenyeji halisi wa".

Nilimpigia simu mtu wa mheshimiwa. Nikamuuliza, kwa adabu yote, mimi je, nimo? Akacheka, akasema bila shaka, mimi ni mtoto wa Bukama. Nikamuuliza tena: na mama? Kukawa na kimya kidogo, kisha akasema, "Mzee, mama yako ni mama yetu." Jibu zuri, la mtu mwenye kipaji. Halikujibu kitu.

Nilimrudishia karatasi ikiwa na maneno yangu ya kwanza, bila maelezo. Nilipomweleza mama, aliendelea kuchambua maharagwe. Akaniuliza ada ya dada zangu mwisho wake lini. Nikamwambia tarehe 15. Akasema sawa.

Jumamosi iliyofuata tangazo lilikuja redioni limeandikwa na mtu mwingine, na bahasha juu yake. Mtangazaji wetu alilisoma vizuri, kwa Kiswahili kisha kwa Kifaransa: wenyeji halisi, authentiques. Mimi nilikuwa kwenye mashine. Alipomaliza nikamfungia kipaza sauti, nikaweka muziki kidogo, na baada ya hapo, kama kila Jumamosi saa 7 mchana, tukaingia kwenye matangazo ya vifo: jina, umri, mtaa, mahali pa kilio, saa ya mazishi.